Harry Lauder: muchimbaji wa makaa na koti yake fupi

Wandugu wa mugodi, na ninyi wamama na watoto wenye munasoma ukurasa huu nyumbani, muangalie picha yoyote ya Harry Lauder. Mutaona mutu mufupi wa Uskoti, ile inchi tunajifunzaka masomoni kwa jina la Écosse. Amevaa sketi ya sufu yenye kuitwa kilti, koti fupi, kofia ya mviringo, na mukononi fimbo yenye kujipinda sawa nyoka. Watu wanacheka. Sisi tunaomba muangalie tena ile koti, juu mwenye kuivaa alifanya kazi miaka 10 katika mugodi wa makaa ya mawe.

Alizaliwa tarehe 4 Mwezi wa 8, 1870, kule Portobello, karibu na Edinburgh. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya udongo. Katika mwaka wa 1882 baba akakufa na ugonjwa wa mapafu, akaacha bibi yake na watoto saba, na Harry njo alikuwa wa kwanza. Mama akawapeleka Arbroath kwa jamaa yake. Kule mutoto akaingia kiwanda cha kitani, masomo nusu, kazi nusu. Mwaka wa 1884 wakahamia Hamilton, na mujomba wake akamutafutia kazi katika mugodi wa Eddlewood kwa shilingi 10 kila juma. Hatuna lazima ya kuwaelezea wasomaji wetu namna gani mutoto wa miaka 14 anatoka chini jioni.

Alikuwa anaimba kule kule mugodini, na wenzake wachimbaji njo walimusukuma aende kuimba mbele ya watu. Feza ya kwanza kabisa ya wimbo ilikuwa shilingi 5, alizipata Larkhall. Mwaka wa 1891 akaoa Nance, binti ya mukubwa mumoja wa mugodi. Na mwaka wa 1900 akapanda jukwaa London.

Sasa, nguo. Wachimbaji wa Hamilton walikuwa wanavaa suruali. Kilti ilikuwa nguo ya watu wa milima ya kaskazini, na Portobello haiko mulimani. Mwanzoni Lauder aliigaka hata Mwirlandi. Kwa hiyo kilti aliichagua mwenyewe, na mutu akishachagua kilti, lazima achague pia kitu cha kuvaa juu yake. Hapo njo wengi wanaharibu.

Kilti nzuri inakula metre 7 ao 8 za kitambaa. Marinda yote iko nyuma, mbele ni laini, na inafungwa juu, karibu na kitovu. Mbele kunaning'inia kifuko cha ngozi. Ukichukua koti ya kostimu yako ya siku ya yenga na kuivaa juu ya ile, itafunika marinda, itaficha kifuko, na utaonekana sawa mutu mwenye alisahau suruali nyumbani. Kwa hiyo fundi anakata koti fupi, na mbele anaizungusha kusudi kifuko kipate fasi. Jile inaishia kiunoni, na mwenye kuvaa jile anaacha mukaba. Muchana unavaa twidi, sufu nzito yenye vifungo vya pembe. Usiku, kwenye karamu, unavaa koti nyeusi yenye vifungo vya kungaa sawa feza. Ni hesabu ya fundi, haina majivuno.

Na ile nguo watu waliiteswa. Kisha vita vya 1746 serikali ya London ilikataza nguo za watu wa milima: mara ya kwanza miezi 6 ya gereza, mara ya pili unapelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria ile ilifutwa mwaka wa 1782. Wazee wetu wenye waliona kravate kukatazwa wakati wa abacost wanajua vile serikali inaweza kuingia mpaka ndani ya sanduku la nguo.

Waskoti wamoja walimukasirikia Lauder. Walisema anageuza taifa lao kuwa kichekesho cha Wangereza. Hawakukosa sababu: nyimbo zake zilikuwa za kuchekesha, na Muskoti mubahili mwenye alimuigiza jukwaani bado anawafuata. Lakini sisi tunaona kitu kingine. Hakuficha kamwe kama alitoka mugodini. Mwaka wa 1912 aliimba mbele ya mufalme. Alipokutana na Winston Churchill bungeni, alimuombea wale farasi wadogo wenye kuvuta vigari chini ya udongo. Sisi wa sindika tungeuliza pia habari ya mutoto mwenye anaongoza farasi, lakini tunamupongeza.

Vita ya 1914 ilipofika, alilipa bendi ya kupiga filimbi na ngoma yenye kuzunguka kuita vijana jeshini. Hapo hatuko pamoja naye. Mutoto wake mumoja tu, John, alikuwa kapiteni katika kikosi cha Argyll and Sutherland, wenye walipigana na kilti, koti zao za kaki zimekatwa mbele vile vile. Aliuawa Ufaransa tarehe 28 Mwezi wa 12, 1916. Habari ilimufikia baba London siku ya mwaka mupya. Siku chache kisha, Lauder alivaa tena nguo zake za jukwaa, akaimba. Katika 1917 alienda Ufaransa kuimbia askari karibu na mizinga, na akakusanya feza kwa ajili ya vilema wa vita. Mufalme akamupa cheo cha Sir katika 1919.

Nance akakufa mwaka wa 1927. Yeye mwenyewe alikufa nyumbani kwake Strathaven, tarehe 26 Mwezi wa 2, 1950. Alizikwa Hamilton.