Muyinda na wimbo usio wa mtu mmoja

Historia ya muziki wa jazi inatufahamisha kuwa vibrafoni, ala ya vibao vya chuma ambavyo sauti yake hutetemeshwa na vipepeo vinavyozungushwa kwa mota, ilianza kupata heshima mwaka 1930 Lionel Hampton alipoipiga studioni pamoja na Louis Armstrong. Tangu hapo wapigaji wake wamekuwa kama ukoo mmoja: hufuatiliana kazi zao, husikilizana, na huigana namna ya kushika mikwaju. Mwalimu wa Kware, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, yamkini ataisoma habari hii na kudhani haimhusu, maana ala ya namna hiyo ni ghali kupindukia kwa shule yake.

Mimi nasema inamhusu. Vibrafoni ni mjukuu wa marimba, na neno lenyewe marimba lina asili ya Kibantu. Tena mtu awezaye kumfaa mwalimu huyo hakuishi Chicago wala New York. Aliishi jirani, nchini Uganda, na jina lake ni Evaristo Muyinda.

Muyinda alizaliwa mwaka 1914 huko Buganda. Alipokuwa kijana aliingia katika safu ya wanamuziki wa Kabaka, katika kasri la Mengo. Kasri hilo lilikuwa na makundi mengi ya wasanii: wapiga filimbi, wapiga ngoma, wapiga zeze, na wale wa amadinda na akadinda, yaani marimba kubwa za Kiganda. Nyimbo zao zilikuwa hazina ya historia. Vita, vifo vya wakuu na mikasa ya watu wa kawaida vilihifadhiwa humo kwa karne nyingi bila kuandikwa hata mstari mmoja.

Amadinda ina vibao 12 vya mti, navyo hulazwa juu ya vigogo viwili vya migomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza huanzisha mkondo wake kwa mapigo yaliyo sawasawa. Wa pili huketi upande wa pili, akamkabili mwenzake, na kila pigo lake hutua katikati ya mapigo mawili ya yule wa kwanza. Wa tatu ana vibao viwili tu, vyembamba kuliko vyote. Kazi yake ni kuzisikiliza sauti mbili nzito zaidi zinazotokea katika mchanganyiko wa wenzake, kisha kuzirudia juu. Matokeo yake ni ya ajabu. Sikio la msikilizaji hupata wimbo ambao hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayeupiga. Mmoja akiondoka, haibaki theluthi mbili ya wimbo; wimbo wote hutoweka.

Hapa ndipo sanaa hii inapotengana na desturi ya jazi. Mpiga vibrafoni hungoja zamu yake, kisha wenzake humpisha ili aonyeshe ufundi wake peke yake. Katika amadinda zamu hiyo haipo. Hodari ni yule anayeweza kushikilia mkondo wake barabara ilhali mwenziwe anaupasua katikati.

Muyinda hakuufungia ujuzi huo kasrini. Alifanya kazi katika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, akishirikiana na Klaus Wachsmann, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani aliyeyasimamia makumbusho hayo kuanzia mwaka 1948 hadi 1957. Humo ala hazikuwa za kutazamwa tu nyuma ya kioo, bali zilipigwa wageni wakasikia. Muyinda aliongoza pia kundi lililoziunganisha ala ambazo zamani kila moja ilikuwa na kundi lake. Mwaka 1959 kijana mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, aliwasili Kampala akawa mwanafunzi wake. Mwaka uliofuata Kubik alichapisha uchunguzi wa muundo wa muziki huo, na baadaye akawa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika.

Kisha ikaja Mei 1966. Majeshi ya serikali ya Milton Obote yalilishambulia kasri la Kabaka. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Ala za kifalme ziliharibiwa, na wanamuziki wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zikafutwa kisheria. Lau ujuzi ule ungalikuwa ndani ya ua wa kasri pekee, hapana shaka sehemu kubwa yake ingalizikwa katika majivu yale. Haukuzikwa, kwa sababu ulikwisha kuingia katika mikono ya wanafunzi. Muyinda aliendelea kupiga na kufundisha hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1993, mwaka ule ule ufalme wa Buganda uliporejeshwa.

Wapo watakaosema kwamba muziki wa mfalme ukitolewa kasrini na kupelekwa makumbusho hupoteza roho yake, na kwamba kumfundisha mgeni ni kuitoa mali ya ukoo. Hoja hiyo ina uzito. Wimbo uliokuwa na siku yake na sababu yake ukigeuzwa maonyesho, kitu fulani hupungua. Hata hivyo, kilichopungua chaweza kujazwa na vizazi vijavyo. Kilichopotea hakina wa kukijaza. Mwaka 1984 vijana wanne wa Budapest, nchini Hungaria, waliunda kundi la ala za kupigwa wakaliita Amadinda. Ni aibu iwapo mwanafunzi wa Budapest atalijua jina hilo na mwanafunzi wa Nairobi asilijue.

Nchini Kenya mashindano ya muziki yamekuwapo tangu mwaka 1927, na yametuletea mengi mema. Lakini katika shule nyingi ngoma hutolewa stoo msimu wa mashindano ukikaribia, na hurudishwa stoo msimu ukiisha. Mtoto asiyeteuliwa kuingia katika kundi la shule humaliza masomo bila kushika ala yoyote. Huko si kufundisha muziki. Ni kutafuta vikombe.

Mwalimu wa Kware hahitaji kungoja vibrafoni ya msaada. Vipande 12 vya mbao kutoka kwa seremala wa mtaani, vikichongwa na kusawazishwa sauti kwa subira, vitatosha kuanzia. Pasipo migomba, mafungu ya nyasi kavu au matambara yaliyokunjwa yatavibeba. Aketishe watoto watatu, awafundishe kila mmoja mkondo wake hadi aumudu, kisha awaunganishe. Wiki ya kwanza watagombana, kila mmoja akidai mwenzake ndiye anayekosea. Asiwakatishe tamaa. Wakishaupata wimbo, awabadilishe nafasi, halafu awaite wengine watatu.