Harold Urey: kutoka urani ya Shinkolobwe hadi safari za nyangumi

Mwanakemia Mmarekani Harold Urey, aliyefariki mwaka 1981, anajulikana hasa kwa tuzo ya Nobel na kwa bomu la atomiki. Kazi yake nyingine haizungumzwi sana: alionyesha kwamba gamba la mnyama wa baharini linahifadhi habari za maji alimoishi. Njia hiyo ndiyo inayosaidia leo kufuatilia safari za nyangumi na samaki.

Urey alizaliwa tarehe 29 Aprili 1893 huko Walkerton, jimbo la Indiana. Baba yake, mwalimu na mhubiri, alifariki mtoto akiwa na miaka 6. Kijana alifundisha katika shule za vijijini, kisha akasomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Montana. Kemia ilikuja baadaye. Mwaka 1931, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, yeye na wenzake waligundua hidrojeni nzito. Nobel ikafuata mwaka 1934.

Ujuzi huo wa atomu za aina moja zenye uzito tofauti ndio uliomwingiza katika vita. Huko Columbia aliongoza utafiti wa kutenganisha urani kwa ajili ya bomu. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka kwetu, Shinkolobwe, katika Katanga, ilikochimbwa na Wakongomani chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Jina la Urey limo katika vitabu vya historia; ya wachimbaji wale ni vigumu kuyapata.

Mwezi Mei 1945, Urey alifuatana na Leo Szilard kwenda kumuona mwanasiasa James Byrnes, ili kumuonya juu ya hatari ya silaha hiyo. Hawakusikilizwa. Tarehe 6 Agosti, Hiroshima iliteketea.

Baada ya vita alihamia Chicago, akawa miongoni mwa wanasayansi waliopaza sauti dhidi ya silaha za nyuklia. Ujuzi ulikuwa uleule, lakini sasa aliuelekeza kwenye magamba. Oksijeni ya maji ina atomu nyepesi na chache nzito. Mnyama anapojenga gamba lake katika maji ya baridi, gamba linachukua nzito zaidi kidogo kuliko katika maji ya joto. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na ilibidi timu yake ipate mashine yenye uwezo wa kuipima.

Mwaka 1951 walitangaza matokeo ambayo bado yanashangaza. Walichukua kisukuku cha belemniti, mnyama wa jamii ya pweza, kutoka kisiwa cha Skye, Scotland, chenye umri wa zaidi ya miaka milioni 140. Walikikwangua tabaka kwa tabaka, kutoka nje kuelekea katikati. Walisoma humo majira 3 ya joto na 4 ya baridi. Mnyama aliishi miaka 4 hivi, akafa majira ya baridi yakiwa yamekwisha. Ujanani aliishi katika maji yenye joto zaidi kuliko uzeeni. Lakini je, bahari ilipoa, au mnyama alihama? Gamba moja halitoshi kujibu.

Swali hilo la kuhama lilichukuliwa na wengine. Mwaka 1980, John Killingley wa taasisi ya Scripps, California, alipima viumbe wadogo wenye magamba wanaojishikilia kwenye ngozi ya nyangumi wa kijivu. Nyangumi hao husafiri kati ya bahari baridi za kaskazini na pwani ya Mexico, na tabaka za magamba hayo zilionyesha mabadiliko ya maji njiani.

Urey alifariki tarehe 5 Januari 1981 huko La Jolla, mji uleule wa Scripps, akiwa na miaka 87. Siku hizi vijiwe vya ndani ya sikio la jodari wa Atlantiki hupimwa kwa oksijeni hiyohiyo, ili kujua kama samaki alizaliwa bahari ya Mediterania au Ghuba ya Mexico.