Aga Khan wa Tatu: aliuza madume, akabaki na ukoo wa Mumtaz Mahal

Kwa watu wengi wa Baraka na Fizi, Aga Khan ni jina la hospitali: ile ya Dar es Salaam au ile ya Nairobi, ambako mgonjwa hupelekwa ndugu wakishachanga pesa. Ni wachache wanaojua kwamba Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu, alikuwa pia mfugaji mkubwa wa farasi wa mbio. Katika mazizi yake alizaliwa farasi aliyeitwa Ujiji, kama mji ule wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Mwingine aliitwa Dodoma.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Baba yake alipofariki mwaka 1885, mtoto huyo wa miaka 7 akawa imamu wa 48 wa Waislamu wa Ismailia. Mama yake ndiye aliyemlea na kusimamia mali ya nyumba mpaka alipokua. Kwao farasi walikuwa jambo la jadi tangu wakati wa babu yake, aliyehama Uajemi na kwenda India.

Wafuasi wake wengi walikuwa wafanyabiashara waliotoka India wakafungua maduka Zanzibar, Mombasa, Kampala na miji ya bara. Aliwatembelea Zanzibar mwaka 1899, akarudi Afrika Mashariki mara kadhaa. Tarehe 10 Agosti 1946, mjini Dar es Salaam, alipimwa uzito kwa almasi kutimiza miaka 60 ya uimamu. Alikuwa na kilo karibu 110. Pesa zilizochangwa na waumini alizirudisha kwa jamaa hiyo, zikawa mtaji wa kukopesha watu wajenge nyumba na biashara.

Huko Ulaya alijulikana zaidi kwa mbio za farasi. Mwaka 1922 alimtuma mtaalamu wa Uingereza, George Lambton, amchagulie farasi wachanga kwenye mnada wa Doncaster. Lambton alinunua jike mmoja wa kijivu mwenye umri wa mwaka mmoja kwa gini 9,100, bei iliyowashangaza watu. Aga Khan akampa jina la Mumtaz Mahal, malkia wa India ambaye kwa kumbukumbu yake lilijengwa Taj Mahal.

Farasi huyo alikimbia mara 10 akashinda mara 7. Alikuwa na kasi ya ajabu, lakini pumzi yake ilikuwa ya mbio fupi. Alipostaafu mwaka 1924, wengi walidhani watoto wake watakuwa hivyo hivyo: wepesi kwa dakika moja, kisha kuchoka. Aga Khan hakumuuza. Alimpeleka kwenye zizi lake la uzalishaji, akampandisha na madume wenye pumzi ndefu.

Wafugaji wa nyanda za juu za Itombwe na Minembwe wanaijua hesabu hiyo. Fahali mmoja anatosha kundi zima, na akikosekana unaweza kuazima kwa jirani. Lakini mtamba wa ng'ombe mzuri hauzwi ovyo, maana akiondoka ameondoka na wote ambao angewazaa. Kwa farasi ni vigumu zaidi: jike hubeba mimba miezi 11, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Dume wa sifa anaweza kuwa baba wa watoto makumi kwa mwaka huo huo mmoja.

Mumtaz Mahal alizaa majike kadhaa. Wawili ndio waliobeba jina lake mbali zaidi. Wa kwanza ni Mah Mahal, aliyezaliwa mwaka 1928. Mtoto wake Mahmoud alishinda Derby ya Epsom mwaka 1936, mbio za karibu mita 2,400, kwa muda ambao haukuvunjwa mpaka mwaka 1995. Hapo hofu ya pumzi fupi ikaisha. Wa pili ni Mumtaz Begum, aliyezaliwa mwaka 1932. Huyo ndiye mama wa Nasrullah na wa yule jike aliyeitwa Dodoma.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1940 Ujerumani iliivamia Ufaransa, ambako Mumtaz Mahal alikuwa akitunzwa. Aga Khan alikuwa Uswisi. Mwaka huo aliwauza Marekani madume wake wawili wakubwa, Mahmoud na Bahram, ambaye hakuwahi kushindwa hata mara moja. Alikuwa ameshamuuza Blenheim tangu mwaka 1936. Nasrullah naye aliuzwa mwaka 1944. Wafugaji wa Uingereza walikasirika. Waliona mtu huyo anatoa nje ya nchi damu bora ambayo haitarudi.

Hasara hiyo ilikuwa ya kweli. Mahmoud na Nasrullah walifika kileleni mwa orodha ya madume bora wa Marekani. Nasrullah ndiye babu wa Secretariat, bingwa wa mwaka 1973. Binti wa Mahmoud aitwaye Almahmoud ndiye bibi wa Northern Dancer, ambaye uzao wake umeenea dunia nzima. Fahari hiyo ilikwenda kwenye mazizi ya watu wengine.

Lakini walio wengi hawakuangalia kilichobaki nyumbani. Blenheim alikuwa ameondoka, ila binti yake Mumtaz Begum alibaki. Bahram aliondoka, ila alimwacha binti, Mah Iran, aliyezaliwa na Mah Mahal mwaka 1939. Mah Iran akamzaa Migoli, mshindi wa mbio kuu za Ufaransa, Arc de Triomphe, mwaka 1948. Bibi yao Mumtaz Mahal alikufa Ufaransa mwaka 1945, akiwa mzee wa miaka 24.

Aga Khan wa Tatu alifariki Uswisi tarehe 11 Julai 1957, akazikwa Aswan, Misri. Alikuwa ameshinda Derby ya Epsom mara 5. Mwanawe Aly Khan alirithi farasi, na mwaka 1959 kitukuu wa Mah Mahal, Petite Etoile, akamletea ushindi mkubwa Uingereza. Mwaka uliofuata Aly Khan alikufa katika ajali ya gari karibu na Paris. Mazizi yakaenda kwa mjukuu, Karim, Aga Khan wa Nne, aliyeishi Nairobi utotoni wakati wa vita.

Karim aliuona ukoo huo ukijaribiwa tena. Mwaka 1981 Shergar, aliyetokana na Dodoma kwa upande wa mama, alishinda Derby kwa kuwaacha wenzake mbali kuliko mshindi yeyote kabla yake. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983, watu wenye silaha walimwiba huko Ireland. Hakuonekana tena. Alikuwa amezalisha msimu mmoja tu, na jina lake upande wa madume likafifia.

Ukoo wa mama haukukatika. Petite Etoile alipata shida kuzaa, akaacha binti mmoja tu, Zahra. Kutoka kwa Zahra, mama kwa binti, ndiko alikotoka Zarkava. Mwaka 2008 alishinda Arc de Triomphe, akamaliza mbio zake 7 bila kushindwa, kisha akarudishwa zizini kuzaa. Ni kizazi cha 9, kwa upande wa mama peke yake, tangu yule jike wa kijivu aliyenunuliwa Doncaster mwaka 1922.