Roscoe Pound

Roscoe Pound (1870 – 1964) alikuwa mwanasheria, mwalimu wa sheria na mtaalamu wa mimea kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuchunguza sababu za wananchi kutoridhika na mahakama, na kwa kuongoza uchunguzi wa haki jinai katika mji wa Cleveland.

Maisha ya awali

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1870 mjini Lincoln, Nebraska. Baba yake alikuwa jaji, na dada yake Louise alikuja kuwa mtaalamu wa lugha na fasihi simulizi. Pound alisoma botania hadi shahada ya uzamivu, lakini sheria aliisoma Harvard kwa mwaka mmoja tu, bila kupata shahada. Hata hivyo alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1890.

Pamoja na Frederic Clements aliandika kitabu kuhusu mimea ya Nebraska, kilichotoka mwaka 1898. Walipima viwanja vidogo vya mraba mbugani na kuhesabu mimea iliyomo. Hesabu hizo zilionyesha kwamba makadirio ya macho, hata ya mtu mzoefu, mara nyingi hupotosha. Somo hilo alilihamishia baadaye mahakamani.

Hotuba ya 1906

Tarehe 29 Agosti 1906 alihutubia mkutano wa Chama cha Mawakili cha Marekani mjini St. Paul, Minnesota, kuhusu sababu za watu kutoridhika na utoaji wa haki. Alikubali kwamba manung'uniko mengine hayaepukiki popote penye sheria, kwa kuwa sheria hubadilika polepole kuliko maoni ya watu. Mengine aliyalaumu moja kwa moja: mahakama zilizo nyingi mno, kesi kuendeshwa kama mchezo wa kushindana kati ya mawakili, na majaji kulazimishwa kuwa wanasiasa. Baadhi ya mawakili wakongwe walichukizwa. John Wigmore, mkuu wa kitivo cha sheria cha Northwestern, alivutiwa, na mwaka 1907 Pound akaanza kufundisha huko. Kuanzia 1916 hadi 1936 alikuwa mkuu wa shule ya sheria ya Harvard.

Uchunguzi wa Cleveland

Imani ya wakazi wa Cleveland ilitikisika pale jaji mkuu wa mahakama ya manispaa aliposhtakiwa kwa mauaji. Aliachiwa, kisha akatiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Mwaka 1921 Pound na Felix Frankfurter walipewa kazi ya kuuchunguza mfumo mzima, na ripoti ilitoka mwaka 1922. Watafiti walifuatilia kesi hatua kwa hatua, kutoka polisi hadi hukumu, ili kuona ngapi zilipotea njiani na mikononi mwa nani.

Sehemu inayokumbukwa zaidi inahusu magazeti. Katika nusu ya kwanza ya Januari 1919, habari za uhalifu zilijaza inchi 925 za safu. Katika nusu ya pili inchi 6,642. Makosa yaliyoripotiwa polisi yaliongezeka kutoka 345 hadi 363 tu. Hofu ya watu, basi, haikulingana na uhalifu wenyewe, na maofisa walihangaika kuiridhisha hofu hiyo kuliko kufuata utaratibu. Ripoti haikuwahoji wananchi kwa dodoso kuhusu imani yao. Kura za maoni za kisayansi zilishamiri miaka ya 1930.

Miaka ya baadaye

Pound alikuwa mjumbe wa Tume ya Wickersham (1929–1931) iliyochunguza utekelezaji wa sheria Marekani. Mwaka 1934 alipokea shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Berlin, wakati Wanazi wakitawala, jambo lililomuudhi Frankfurter na linaloendelea kumtia doa. Baada ya vita vya pili vya dunia aliishauri wizara ya sheria ya China. Alifariki mwaka 1964.

Mwaka 1976 Jaji Mkuu Warren Burger aliitisha mkutano mjini St. Paul kuyajadili upya malalamiko ya 1906. Unajulikana kama Mkutano wa Pound.