Jeevanjee, mji ulioota njiani, na ploti za Kathonzweni

Haupiti mwezi bila kupata simu mbili tatu kutoka Mombasa, Kilifi au Kwale za jamaa wanaotaka kujua habari za ploti huku Kathonzweni. Wanajua niko huku kwa kazi za ujenzi, na habari za lami ya barabara ya Wote kwenda Makindu zimewafikia. Wote huuliza swali moja: kama wanunue sasa au wangoje kwanza. Mimi nina diploma ya ujenzi, ilimu ya ghaibu sina. Kwa hivyo huwasimulia maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee, na leo nayaandika hapa ili wenye kuuliza wasome wenyewe.

Jina hilo wengi twalijua kwa ile bustani ya Nairobi, na wachache wanajua kwamba alianzia kwetu Mombasa. Alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika jamii ya Mabohora, Waislamu wenzetu ambao Mombasa tumezoea kuwaona katika maduka ya vyuma na rangi. Kabla ya kufika pwani yetu alikwisha kwenda mbali: alifanya biashara Adelaide, Australia, akiuza bidhaa za mashariki. Mwaka 1890 akashuka Mombasa. Mji wakati huo ulikuwa mikononi mwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na biashara ya bara bado ilibebwa vichwani mwa wapagazi, Waswahili na Wakamba, waliojua visima vyote vya kutoka Rabai hadi Ukambani.

Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896, Jeevanjee alipata kandarasi ya kuleta watu wa kazi kutoka Bara Hindi. Katika miaka yote ya ujenzi waliletwa watu zaidi ya 30,000, na si yeye peke yake aliyewaleta, lakini alikuwa miongoni mwa walioanza. Alipata pia kandarasi za kuwalisha na za kujenga majengo ya njiani. Hapa ndipo mimi humwona ana akili. Wengi walikuwa wakiitazama reli ifike Uganda. Yeye aliwatazama watu walio kando ya reli, ambao leo usiku watahitaji kulala mahali, na kesho asubuhi watahitaji unga, sukari na mafuta ya taa.

Sasa tuje Ukambani, maana kisa hiki kina Ukambani ndani yake. Kampuni ya Kiingereza ilifungua kituo Machakos mwaka 1889, na kwa miaka kumi hapo ndipo palipokuwa makao ya serikali ya bara. Mwenye duka Machakos alijiona amefika. Kumbe reli haikupanda huko. Ilipita chini, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud, ikaenda zake, na mwaka 1899 ikafika kwenye bonde lenye maji na matope ambalo wenyewe waliliita mahali pa maji baridi. Bwana Ainsworth, mkuu wa serikali pale Machakos, alifunga mizigo mwaka huo huo akahamia Nairobi. Machakos haikufa, lakini ule ukubwa wake uliondoka na yeye. Ploti ilikuwa pale pale ilipokuwa. Kilichohama ni njia.

Nawaambia jamaa zangu walitafakari hilo kabla ya kuuza ng'ombe wa mzee wanunue ploti. Kathonzweni nayo imeonja mambo hayo, ila kwa upande wa heri. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992 ikawa wilaya, na ugatuzi ulipokuja mwaka 2013 Wote ikawa makao ya kaunti. Miji midogo iliyo karibu ikapata uhai. Ukisimama hapa sokoni utaona jengo lile lile la Jeevanjee bila jina lake: chini ni duka la mbegu na dawa za mifugo, la pili ni M-Pesa, nyuma ni vyumba vya kupangisha vya walimu na makarani, na juu nondo zimeachwa zimesimama zikingoja pesa za ghorofa ya pili. Huo si ugunduzi wa mawakala wa siku hizi wenye mabango ya rangi. Mji wa Kale wa Mombasa umekaa hivyo tangu enzi: duka chini, watu juu, baraza mbele.

Turudi kwa mwenyewe. Nairobi ya mwanzo ilikuwa mahema na mabati. Bazaa ya Wahindi ilikuwa safu za vibanda ambamo mtu anauza mbele na kulala nyuma na familia yake, maji machafu yakisimama mlangoni. Mwaka 1902 ukaingia ugonjwa wa tauni, na serikali ikaamuru bazaa ichomwe moto. Watu walipoteza kila kitu kwa siku moja. Nimeona mara nyingi mtu akipatwa na msiba wa namna hiyo anakimbia. Jeevanjee alijenga. Mwaka 1904 soko lake, lililoitwa kwa jina lake, lilikuwa limesimama, mahali pa kuuzia nyama, mboga na bidhaa chini ya paa la maana. Alijenga pia ofisi na nyumba za serikali, na sehemu kubwa ya Nairobi ile ya mwanzo ilipita mikononi mwake kwa namna moja au nyingine. Serikali ilipohamisha makao makuu kutoka Mombasa kwenda Nairobi mwaka 1905, sisi wa Pwani tulipoteza mji mkuu, na yeye alikuwa tayari yuko kule akiwangoja na majengo. Wivu kidogo naruhusiwa, nadhani.

Na hakuitegemea kazi moja. Mwaka 1902 alianzisha gazeti Mombasa, African Standard, kisha akaliuza. Ndilo gazeti la Standard lisomwalo hadi leo, ambalo wengi hudhani lilizaliwa Nairobi kwa Wazungu. Lilizaliwa Mombasa, kwa Bohora.

Mwaka 1906 alifanya jambo ambalo mfanyabiashara mwingine angeliona wazimu. Katikati ya mji unaokua, ambapo kila futi ya ardhi ingezaa kodi, alitengeneza bustani akawapa watu wa mji. Akaweka na sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mwana wa malkia huyo, Mtawala wa Connaught. Sanamu hiyo wengine huitaja kama ushahidi wa kujipendekeza kwa wakoloni. Huenda ilikuwamo, sitamtetea. Lakini tazameni alichokifanya baadaye.

Kufikia 1910 alikuwa ameteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiye Mzungu. Alikwenda hadi London kulalamikia jinsi Wahindi wanavyobaguliwa katika nchi waliyosaidia kuijenga, na mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Ugomvi wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa wa ardhi. Nyanda za juu zilikuwa za Wazungu tu. Ndani ya miji nako, ripoti ya Profesa Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza watu watengwe kwa rangi, makazi yao na biashara zao, kwa kisingizio cha afya. Fikiria maana yake kwa mtu ambaye kazi yake yote ni jengo lenye duka, ofisi na nyumba pamoja, mahali watu wa kila aina wanapokutana. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliondoa ule mpango wa kutenganisha miji, lakini nyanda za juu ukawaachia Wazungu. Mwafrika, ambaye ardhi ilikuwa yake tangu asili, hakuulizwa katika ugomvi huo na upande wowote, na hilo lazima lisemwe hata tunapomsifu marehemu.

Kisha soko likageuka. Baada ya vita vya kwanza bei za mazao zilianguka, na serikali ikabadilisha sarafu: rupia ikatoka, ikaja florini mwaka 1920, halafu shilingi. Rupia ilipimwa kwa shilingi mbili za Kiingereza, juu sana ya thamani yake ya zamani, na wenye madeni ya rupia wakaamka deni limenenepa usiku. Hapo ndipo penye mtego kwa mwenye majengo: mali ni nyingi, taslimu hana. Jeevanjee alipofariki Nairobi mwaka 1936, utajiri wake haukuwa tena ule wa zamani. Soko, nyumba na ofisi alizojenga kwa ajili ya faida zimevunjwa, zimeuzwa au zimebadilishwa hata hazitambuliki.

Bustani ipo. Haikubaki kwa bahati. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuijenga, kuweka maegesho ya magari na maduka ya ghorofa, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na watu wa Nairobi kuupinga hadi ukaachwa. Miaka ya baadaye mipango ya namna hiyo ilirudi tena. Kila mara hoja ilikuwa ile ile, kwamba ardhi imelala bure.

Hapa ndipo simu zangu huwa ndefu. Jamaa ataniuliza kama kile kiwanja cha wazi karibu na soko, penye mti ambapo akina mama huketi na debe zao za pojo, ama ndengu kama waitavyo huku, na maembe ya msimu, hakina mwenyewe. Nami humjibu kwamba kina wenyewe wengi, na kwamba wateja wa ploti anayotaka kununua wanatoka hapo. Wakifukuzwa hao, duka lake la chini litamuuzia nani? Kwetu Pwani tumeona fukwe na viwanja vya watoto vikimezwa kuta, na sihitaji kutaja mtaa, kila msomaji ana wake.

Sanamu ya Malkia ilikatwa kichwa mwaka 2015. Bustani iko kati ya Moi Avenue na barabara ya Muindi Mbingu, yule kiongozi wa Wakamba ambaye mwaka 1938 watu wake walitembea kutoka Ukambani hadi Nairobi kudai mifugo yao iliyochukuliwa na serikali. Adhuhuri utawakuta wahubiri, wapiga picha, vijana wanaotafuta kazi na wazee waliolala kwenye nyasi, na hakuna anayelipa kodi.