Schimmel: Mchonga tai aliyelipwa kwa pombe

Leo nakuletea habari za mzee mmoja Mjerumani. Kwa maoni yangu maisha yake yanatuhusu sana sisi tuliorudi kutoka ugenini, pamoja na wenzetu wanaovuka mpaka kila siku na mizigo.

Wilhelm Schimmel alizaliwa mwaka 1817. Muda mfupi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka 1865, alionekana katika mashamba ya karibu na mji wa Carlisle, jimbo la Pennsylvania. Hakuwa na nyumba wala shamba. Mtaji wake ulikuwa kisu.

Kwa kisu hicho alichonga mbao za msonobari akatoa kasuku, majogoo, mbwa na simba. Zaidi alijulikana kwa tai wake waliokunjua mabawa, manyoya yakiwa yamekatwa kwa mistari inayopishana, kisha wakapakwa rangi kali. Alizunguka kutoka shamba hadi shamba. Waliompa chakula na mahali pa kulala aliwaachia sanamu. Nyingine aliziuza kwa senti chache, au akazibadilisha na pombe kilabuni. Pombe hiyo ndiyo iliyomponza, kwani akilewa alikuwa mgomvi, na alipata kuwekwa jela.

Alifariki Agosti 1890 katika nyumba ya kutunzia maskini, akazikwa katika makaburi ya wasio na kitu. Kijana mmoja wa hapo, Aaron Mountz, aliiga uchongaji wake, naye akaja kujulikana.

Leo tai wa Schimmel wanauzwa mnadani kwa maelfu ya dola, na wengine wamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Carlisle walipona kweli, lakini mgeni mwenyewe hakufaidi.

Nimeona vinyago vikishushwa mpakani, na bei ikipangwa na anayenunua kwa jumla, ilhali aliyechonga hata jina lake halitajwi. Ushauri wangu ni mdogo. Mfanyabiashara, muulize fundi jina lake na kijiji chake, uviandike chini ya kinyago, kisha umlipe fedha taslimu. Nawe uliyerudi na ujuzi mkononi, usikubali kulipwa glasi.