Malthus, Kasisi Aliyewahesabu Watu

Wengi wetu tulilisikia jina la Malthus kwanza katika somo la jiografia: mstari wa watu unapanda, wa chakula unajikongoja nyuma. Ni nadra kuambiwa kwamba alikuwa kasisi.

Thomas Robert Malthus alizaliwa Surrey, Uingereza, mwaka 1766, akiwa na mdomo sungura uliomtatiza kusema maisha yake yote. Alisoma hisabati Cambridge, akapewa daraja katika Kanisa la Anglikana, akatumwa Okewood, kwenye kikanisa cha watu fukara. Vitabu vya ubatizo na mazishi vilikuwa kazi yake. Sisi tunaoandaliwa kuvishika vitabu hivyo tunajua vinavyoweza kumfikirisha mtu.

Baba yake, msomaji wa Rousseau, aliamini kwamba jamii inaelekea kwenye heri. Mwana alikataa, na ubishi wao ukazaa kitabu cha mwaka 1798, kisicho na jina la mwandishi. Watu wasipozuiliwa, alisema, huongezeka 1, 2, 4, 8. Chakula huongezeka 1, 2, 3, 4. Njaa, maradhi na vita ndivyo hurudisha mizani.

Toleo la 1803 lilikuja na jina lake na njia nyingine: kuchelewesha ndoa mpaka mtu aweze kulea familia, huku akiishi kwa usafi. Mwenyewe alioa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 38, akapata watoto watatu. Njia za kuzuia mimba alizipinga. Ajabu ni kwamba mwaka 1877 chama kilichozitetea kiliundwa London kwa jina lake!

Lakini katika toleo hilohilo aliandika kwamba maskini asiyehitajiwa na jamii hana nafasi kwenye karamu ya dunia. Maneno hayo aliyaondoa baadaye, ila hoja ya kufuta polepole misaada ya parokia haikuondoka. Hapo tunaachana naye. Mtu aliyebatiza watoto wa Okewood angeuliza kwanza nani kaikalia meza.

Hesabu nayo haikumtii. Enzi zake dunia ilikuwa na watu takriban bilioni 1; leo wamepita bilioni 8, na mavuno yamekua kuliko alivyodhani. Huko Ulaya, vifo vya watoto wachanga vilipopungua na wasichana kusoma, familia nyingi zilizaa watoto wachache bila kusukumwa na njaa. Ufaransa uzazi ulikwisha anza kushuka yeye angali hai.

Alifariki Bath, Desemba 1834. Miezi minne kabla, bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya ya maskini, iliyobeba mengi ya mawazo yake. Mwenye nguvu aliyeomba msaada alitakiwa kuingia nyumba ya kazi, na humo mume alilala upande wake, mke upande wake.